Elimu: Neno gumu la shairi, mwanafunzi alitafute kwanza mwenyewe

Katika shule nyingi za mashariki mwa Congo, somo la shairi la Kifaransa hufuata njia ileile. Mwalimu anaandika shairi ubaoni, kando yake anapanga maneno magumu pamoja na maana zake. Wanafunzi wananakili kwenye daftari, kisha wanakariri. Wiki inayofuata, mtoto anasimama mbele ya wenzake na kulisema shairi lote pasipo kukosea. Akiulizwa linasema nini, ananyamaza.

Kosa si la mtoto. Amepewa maana kabla ya kuitafuta, na maana ya namna hiyo haikai kichwani.

Mfano mzuri ni "Le Corbeau et le Renard" ya Jean de La Fontaine, iliyochapishwa mwaka 1668 na ambayo wazazi wengi wa hapa waliikariri shuleni. Kunguru yuko juu ya mti, ameshika fromaji mdomoni. Mbweha anamsifu ili aipate. Ndani ya shairi hilo kuna neno "ramage", neno ambalo hata Wafaransa hawalitumii kila siku.

Mwalimu anaweza kuandika maana yake na kuendelea. Lakini anaweza pia kuuliza: mbweha analinganisha "ramage" na nini? Na manyoya ya kunguru. Basi si manyoya yenyewe. Na kunguru, baada ya kusikia sifa hizo, anafanya nini? Anafungua mdomo ili aonyeshe sauti yake. Hapo watoto wenyewe watasema: ni sauti, ni wimbo wa ndege. Neno walilolipata hivyo hawatalisahau upesi.

Shairi linafaa kwa kazi hiyo kwa sababu ni fupi, na maneno yake yanasaidiana. Neno moja linawekwa karibu na lenye kufanana nalo, au na lililo kinyume chake. Tendo linalofuata linafumbua lililotangulia. Watoto wanajua njia hiyo tangu nyumbani. Hakuna mama aliyewafundisha Kiswahili kwa orodha ya maneno. Walisikia neno sokoni au jikoni, wakaangalia kinachofanyika, wakaelewa.

Walimu wengine watasema kwamba darasa limejaa na saa hazitoshi. Ni kweli. Lakini si lazima kila neno litafutwe. Mawili kwa shairi moja yanatosha, mengine mwalimu ayaeleze. Wengine wataogopa kwamba mtoto atakisia vibaya. Hilo pia hutokea, na ndiyo maana mwalimu yupo. Mtoto aeleze kwanza ni nini ndani ya shairi kimemfanya afikiri hivyo, kisha kamusi au mwalimu athibitishe. Na kama Kifaransa kinamshinda, aeleze kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inatambua lugha za kitaifa kuwa lugha za kufundishia.

Jambo hili halihusu mashairi peke yake. Siku ya Examen d'État, mfinalisti anakaa mbele ya maandishi ya Kifaransa pasipo kamusi wala mwalimu wa kumwambia maana. Aliyezoea kungojea ubao atakwama kwenye neno la kwanza asilolijua. Aliyezoea kutafuta ataangalia neno lililo mbele na lililo nyuma, na ataendelea.

Njia hii haihitaji vitabu vipya wala pesa, katika eneo ambalo vita vimezinyima shule nyingi hata madawati. Inahitaji maprefe na wainspekta waache kupima somo la shairi kwa kukariri tu. Mtoto akimaliza kusema shairi, aulizwe swali moja zaidi: neno hili umelielewaje?