Baiskeli ya Kukunja Iingie Ndani

Miongoni mwetu wapo wanaokuja madrasa kwa baiskeli za kukunja. Kwa anayekaa mbali, chombo hiki ni msaada mkubwa. Kikiibiwa, mtoto hurudi kutembea kwa miguu, akachelewa leo na kesho, mpaka darasa likampita.

Wengi hudhani kufuli linatosha. Sisi hatuoni hivyo. Baiskeli ya kawaida ina fremu ya pembetatu, mnyororo hupita katikati ukashika barabara. Nyingi za kukunja zina bomba moja tu la kati, basi watu hufungia kwenye bomba la kiti, nalo huchomoka kwa kulegeza kishikio kimoja! Wengine hufunga gurudumu la mbele pekee. Mwizi akaliacha hapo, akaondoka na baiskeli iliyobaki. Ikilazimu kuiacha nje, kufuli gumu lipite kwenye gurudumu la nyuma pamoja na vyuma vya fremu vinavyolizunguka, lishikane na kitu kilichojengewa.

Lakini ulinzi wake hasa ni kukunjwa na kuingizwa ndani. Andrew Ritchie, aliyeanza kubuni Brompton jijini London katika miaka ya 1970, alitengeneza baiskeli ambayo aliyezoea huikunja kwa sekunde 20 hivi, ikakaa chini ya meza. Faida hiyo tunaitupa kila tunapomwambia mtoto, "Iache nje."

Kwa hiyo tunawaomba walimu wetu watenge pembe moja karibu na mlango, watandike mkeka mkuukuu. Wanafunzi nao wafute matope kabla ya kuingia, wala wasizibe njia ya wenzao. Wazazi waandike namba iliyochongwa kwenye fremu, waweke picha na risiti. Baiskeli ikipatikana kituo cha polisi, kusema tu "ni yangu" hakutoshi.

Na atakayesema tumuachie Mungu peke yake, tunamkumbusha yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) habari ya ngamia wake: alielekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Baiskeli yetu tuikunje, tuiingize ndani, kisha tutegemee.

Wabillahi tawfiq.