Ubongo wa ng'ombe si wa supu pekee, jamani

Ng'ombe akichinjwa Kericho au Bomet, hakuna kinachotupwa ovyo. Nyama inaenda buchani, matumbo yana wateja wake, ngozi ina mnunuzi, na kichwa kinaishia kwenye sufuria ya supu. Ubongo unaenda na kichwa. Ni karibu nusu kilo ya kitu laini ambacho mtu anatia chumvi na pilipili, anamaliza, anarudi kazini.

Sina ugomvi na supu. Ninachosema ni kwamba nusu kilo hiyo ndiyo malighafi ambayo maabara za Ulaya na Marekani zimekuwa zikiifuata vichinjioni kwa miaka zaidi ya 50. Wanatoa ndani yake protini iitwayo tubulini, wanaisafisha, wanaigandisha, kisha inauzwa duniani kwa miligramu wala si kwa kilo. Sisi tuna ng'ombe, tuna vichinjio, tuna vyuo katika kaunti hizi mbili, na vijana waliosoma bayokemia wanaouza mitumba Litein. Mbona hatuifanyi hiyo kazi hapa?

Kwanza tuelewane tubulini ni nini. Ni vipande vidogo sana vya protini vinavyoungana, kimoja juu ya kingine, mpaka vinakuwa mirija myembamba ndani ya seli. Seli ikitaka kugawanyika, mirija hiyo ndiyo inayovuta kila upande fungu lake. Kwenye neva ina kazi nyingine tena. Neva inayotoka mgongoni hadi kidole gumba cha mguu ina urefu wa karibu mita moja, na mizigo yake yote inasafirishwa juu ya mirija hiyo kama mabogi kwenye reli. Ndiyo maana ubongo umejaa tubulini, na ndiyo maana wanasayansi wanaotaka tubulini hawaendi kwenye ini wala kwenye figo.

Utauliza, na hiyo inamhusu nini mtu wa Bomet? Inamhusu sana, na pengine kuliko mtu wa London.

Ukanda huu wetu una tatizo kubwa la saratani ya umio, ile ambayo nyumbani tunaiita tu saratani ya koo. Mgonjwa anaanza kushindwa kumeza ugali, kisha uji, mwishowe hata maji. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet, imekuwa ikiwahudumia wagonjwa hawa kwa miaka mingi, na wengi wanafika wakati njia imeshaziba, wakawekewa kijirija cha kuipanua ili angalau wapitishe chakula. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti kutoka hospitali hiyo kuhusu wagonjwa 109 wa saratani hiyo waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini. Soma tena hapo kwenye umri. Duniani kwingi huo ni ugonjwa wa wazee. Hapa unawapata watu wa rika letu.

Sababu zake bado zinachunguzwa. Vinywaji vya moto sana vimo kwenye orodha ya washukiwa: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kunywa kitu chenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda kukasababisha saratani ya umio. Sasa fikiria chai ya kwetu inavyonywewa, ikiwa bado inatoa mvuke. (Mwambie mama mzazi aache chai ipoe kwanza uone utakavyoangaliwa.)

Mojawapo ya dawa zinazotumika duniani dhidi ya saratani hii inaitwa paklitakseli. Asili yake ni gome la mti unaoota Marekani. Namna inavyofanya kazi ilifahamika mwaka 1979, Susan Horwitz na wenzake kule New York walipoichanganya na protini iliyosafishwa kutoka kwenye ubongo na kuona ajabu: mirija ya tubulini inajengeka, kisha inakataa kubomoka. Seli ya saratani ikishikwa hivyo haiwezi kugawanyika. Inakwama, inakufa. Bila tubulini safi mezani, siri hiyo ingechukua muda mrefu zaidi kufichuka.

Lakini dawa haijui kuchagua vizuri. Neva nazo zina mirija ileile. Kwa hiyo wagonjwa wengi wanaotumia paklitakseli huanza kuhisi ganzi na miwasho kwenye vidole vya mikono na miguu. Kwa mtu wa ofisini huo ni usumbufu. Kwa mchuma chai ni mkate wake. Yule mama anayechuma majani mawili na kichipukizi kimoja, mara elfu na elfu kwa siku, anafanya kazi kwa hisia za ncha za vidole. Akipona saratani na vidole vimekufa ganzi, atachuma nini? Tena hii ni nchi ambako mashine za kuchuma chai zilichomwa Kericho mwaka 2023 kwa sababu watu waliona zinakula kazi zao. Huyo mama hashindani na mashine akiwa na vidole visivyohisi.

Swali la jinsi ya kuzuia ganzi hiyo bado liko wazi duniani. Kulichunguza kunahitaji, pamoja na mengine, tubulini safi na watu wanaojua kuishika. Ndipo hapo ninapotaka tufike.

Kuisafisha kwenyewe kuna uzuri fulani. Mwaka 1972 Richard Weisenberg alionyesha kwamba tubulini ya ubongo wa panya inajiunga yenyewe kuwa mirija ndani ya chupa, mradi kalisiamu iondolewe. Mwaka uliofuata Shelanski, Gaskin na Cantor wakaligeuza jambo hilo kuwa njia ya usafishaji. Unasaga ubongo kwenye maji ya dawa yaliyo baridi kama barafu, unauzungusha kwa kasi kwenye sentrifuji, takataka inakaa chini, unachukua maji ya juu. Unayapasha hadi nyuzi 37, joto la mwili, ukiongeza GTP, ambayo ndiyo chakula cha tubulini. Mirija inajengeka. Unazungusha tena, sasa mirija ndiyo inayotua chini na uchafu unabaki juu. Unamwaga uchafu. Unairudisha mirija kwenye barafu, inabomoka kuwa vipande, unazungusha tena kwenye baridi. Joto, baridi, joto, baridi. Kila raundi inatoka safi zaidi. Halijoto yenyewe ndiyo kichujio.

Adui mkubwa ni muda. Mnyama akishakufa, na hasa ukishasaga ubongo, seli zinapasuka na vimeng'enya vilivyokuwa vimefungiwa ndani vinatoka. Vingine kazi yake ni kukatakata protini. Ukichelewa, ukaacha ubongo ukae kwenye karai juani huku mnajadiliana bei, utakachosafisha ni vipandevipande visivyojiunga na chochote. Na maji yakishamwagika hayazoleki: hakuna dawa ya kurudisha protini iliyokatwa. Kwa hiyo ubongo unaingia kwenye barafu palepale kichinjioni, dawa za kuzuia vimeng'enya zinaongezwa mapema, kazi inaanza siku hiyohiyo, na kilichosafishwa kinagandishwa upesi na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya nyumbani haifai kwa hifadhi ya muda mrefu.

Sasa niambie kama hii si hadithi ya chai.

Kila mkulima wa hapa anajua kwamba majani yakishindiliwa kwenye gunia yanapata joto na kuwa mekundu, na karani wa kituo cha kununulia atayakataa. Kinachotokea ni kilekile: seli zimepondwa, vimeng'enya vimetoka, vimeanza kazi kabla ya kuruhusiwa. Kiwandani, iwe Kapkoros, Mogogosiek au Litein, kazi nzima ni kuamua vimeng'enya vianze lini na viishe lini. Majani yananyaushwa kwa saa kadhaa, yanasagwa, yanaachwa yabadilike rangi, kisha yanapigwa moto mkali wa kukaushia na vimeng'enya vinakufa. Ukikosea dakika chache, bei ya Mombasa inakuonyesha. Tofauti ni moja tu: kwenye chai unaua vimeng'enya kwa moto, kwenye ubongo huwezi, kwa sababu moto huo ungeiua tubulini pia. Unatumia baridi na dawa. Lakini nidhamu ya saa, kipimajoto na usafi ni ileile, na watu wa nidhamu hiyo tunao hapa kwa vizazi.

Upande wa baridi nao si ugeni. Kiwanda cha New KCC kiko Sotik, na wafugaji wanajua maziwa yasipopozwa chap chap yanarudi nyumbani kuwa mursik bila mpango. Kericho mjini kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na washirika wake wa jeshi la Marekani ambacho kimefanya utafiti wa Ukimwi kwa zaidi ya miaka 20, kazi isiyowezekana bila kutunza sampuli kwenye baridi kali. Kwa hiyo nikisikia eti stima ya Kenya haiwezi, huwa najiuliza mtu anazungumzia Kericho ipi. Stima inapotea, ndiyo. Ndiyo maana watu hununua jenereta.

Hata utafiti wa ubongo wenyewe umewahi kugusa mashamba haya. Chai ya zambarau ilikuzwa na watafiti wa chai wa Kericho na ikatolewa kwa wakulima mwaka 2011. Mwaka 2014 watafiti wa Kenya walichapisha kwamba kemikali za rangi ya chai hiyo, kwa panya, zilivuka kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Panya si binadamu, na hilo halimaanishi kikombe kimoja kinaponya kitu. Linaonyesha tu kwamba watu wetu wanaweza swali la aina hii wakipewa vifaa.

Ukiwa na tubulini yako mwenyewe unaweza kuuliza mengi. Dawa ya minyoo ya albendazo, ile wanayopewa watoto shuleni na mifugo zizini, inaua minyoo kwa kushika tubulini yao. Minyoo ya kondoo na mbuzi ikianza kuizoea dawa za aina hiyo, badiliko liko mara nyingi kwenye tubulini hiyohiyo. Vinkristini, dawa ya uvimbe wa taya wa watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, inatoka kwenye ua dogo la waridi linalopandwa kama pambo, na inafanya kazi kwa kuzuia tubulini isijiunge. Kuna mitishamba mingapi kwenye msitu wa Mau ambayo haijawahi kuwekwa karibu na protini hii? Kipimo chenyewe si cha ajabu: mirija ikijengeka, maji yanakuwa na ukungu, na mashine ya kupima mwanga inasoma ukungu huo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kukifanya.

Najua pingamizi. Sentrifuji ya kasi inayohitajika ni mamilioni ya shilingi, na friza nayo si ya mchezo. Kweli kabisa, na ndiyo maana sisemi kila chuo kinunue yake. Nunueni moja, iwekwe mahali ambapo Chuo Kikuu cha Kabianga, chuo kishiriki cha Bomet na hospitali wanaweza kuitumia kwa zamu. Pingamizi la pili ni usalama, na hili nalichukulia kwa uzito. Ubongo una protini nyingine ziitwazo prioni ambazo zikiharibika umbo hazikatiki kirahisi. Ndizo zilizoleta kichaa cha ng'ombe Uingereza miaka ya 1980. Hivyo ng'ombe wawe wadogo kiumri, wawe wamekaguliwa na daktari wa mifugo, na watu wavae glavu na kufuata taratibu. Ajabu ni kwamba tahadhari hizo hatuziulizi tunapoagiza supu.

La tatu ndilo linaloniudhi: kwamba tununue tu kutoka nje, ni rahisi. Ni rahisi mpaka kifurushi cha barafu kavu kikwame kwenye forodha wikendi nzima na kufika kikiwa na maji ya vuguvugu. Na hata kikifika salama, kijana wetu amejifunza kufungua kifurushi. Hajajifunza kusafisha protini. Vyuo vyetu vingi vinafundisha hatua hizi ubaoni, mwanafunzi anachora mishale ya joto na baridi kwenye karatasi ya mtihani, anapata A, na hajawahi kuona yale maji yakishika ukungu.

Sitadanganya kwamba hii ni biashara ya kutajirika. Haitaajiri wachuma chai waliopoteza kazi, na bonasi ya mwezi wa kumi haitaongezeka kwa sababu yake. Itaajiri watu wachache, pengine kumi, lakini watakuwa kumi wanaojua kushika kitu dhaifu bila kukiharibu, na ujuzi huo unahitajika kwenye chanjo, kwenye damu ya hospitali, kwenye vipimo vya saratani.

Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na kabla ya hapo kuna vikao vya ushiriki wa umma ambavyo vijana huviacha kwa wazee na wanasiasa wa mtaa. Safari hii nendeni na karatasi moja. Andikeni: sentrifuji moja ya kasi, yenye kupoza. Friza mbili za nyuzi 80 chini ya sifuri, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Jenereta inayojiwasha yenyewe. Mashine ya barafu. Na makubaliano na kichinjio kwamba saa kumi na mbili asubuhi, kabla kichwa hakijaenda kwa mwenye supu, kuna kijana mwenye ndoo ya barafu amesimama mlangoni.