Santuri za Jazz na Haki ya Msikilizaji
Kwetu Masakta, wilayani Hanang, mbali na kumbi za dansi za Dar es Salaam na Morogoro, muziki wa bendi za Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz ulitufikia kwa hisani ya redio, na nasadiki kwamba mahaba yaliyoingia kwa njia hiyo si duni kuliko ya aliyesimama ukumbini. Hata hivyo, insafu yataka isemwe kwamba santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika aghalabu iliukata wimbo vipande viwili, msikilizaji akalazimika kuinua sindano na kugeuza sahani wakati uleule magitaa yalipoanza kujibizana, ilhali ukumbini bendi iliupiga hata wachezaji wakatosheka.

Marehemu Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979, hatutamwona tena jukwaani. Kwa hiyo nawashukuru kwa dhati wanaozitoa upya kazi za zama zile, kama kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ambayo katika mfululizo wake wa Zanzibara ilitenga juzuu nzima kwa sauti za Tanzania za miaka ya 1960. Lakini toleo lolote lisilotaja mpiga solo, mpiga besi wala mwaka wa kurekodiwa ni dhuluma, tena dhuluma kubwa, kwa wafu na warithi wao.

Enyi wenye dhamana ya kanda za iliyokuwa Redio Tanzania, zihifadhini, yaandikeni majina yote, na mziuze kwa bei anayoimudu mkulima wa Hanang.