Tuihoji Programu Kabla ya Kuizima

Aghalabu programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa Java inapokwama, tiba huwa moja: izimwe, iwashwe upya. Desturi hii naipinga. Kuzima ni kufuta ushahidi. Dalili hutoweka, maradhi yakabaki.

Katika JDK, mkoba wa zana za Java, mna jstack. Chombo hiki huorodhesha nyuzi zote za programu ingali inaendeshwa, na mahali ulipofikia kila uzi. Iwapo nyuzi mbili zinangojeana, kila mmoja ukiwa umeshika kufuli inayohitajiwa na mwenzake, jstack huwafichua wahusika. Jmap nayo huonyesha kilichoijaza kumbukumbu. Aidha, Flight Recorder, kinasa matukio kilichokuwa cha kulipiwa, kimekuwa huria tangu JDK 11 ya mwaka wa 2018.

Sisi wanaisimu twajua kuwa sarufi ya kitabuni haitoshi. Lugha sharti isikilizwe ikisemwa. Msimbo ni sarufi, utendaji ndio usemi. Mbona basi, walimu wenzangu, twatahini uandishi wa msimbo pekee? Mwanafunzi na apewe programu iliyokwama, aihoji, kisha aeleze chanzo kwa ushahidi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.