Usimsubiri kareteka, mpira wa sinki lako unavuja sasa hivi

Fungua kabati lililo chini ya sinki lako. Kama huna kabati, inama tu uchungulie. Ikiwa unaishi kwenye hizi ghorofa zetu za Kinoo, kuanzia kule 87 hadi ukikaribia Muthiga, nakuhakikishia kuna beseni hapo chini. Beseni, sufuria kuukuu, au kipande cha mkebe wa rangi. Kila asubuhi unalimwaga, unalirudisha mahali pake, kisha unakimbilia matatu ya tao kana kwamba mambo yote yako sawa.

Hayako sawa. Kila aliyekalia mtihani wa KCPE aliwahi kuandika insha ya "Usipoziba ufa utajenga ukuta", akasifiwa kwa tamathali zake na kupewa alama 35. Leo ana keja yake, na ufa uko pale pale karibu na magoti yake.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua kikombe cha nusu lita, ukiweke chini ya maungio yanayovuja, utazame saa. Tuseme kimejaa baada ya dakika 10. Hizo ni lita 3 kwa saa. Kwa siku ni lita 72, yaani mitungi mitatu na nusu ya lita 20. Kwa mwezi zinapita lita 2,000. Mwaka wa 2018, jiji la Cape Town lilipokaribia kukaukiwa kabisa, kila mkazi aliagizwa asitumie zaidi ya lita 50 kwa siku kwa kila kitu: kuoga, kupika, kufua, choo. Mpira wa sinki lako unakunywa kuliko mtu mzima wa Cape Town, na wala hauogi.

Na ni nani anayelipa? Hapo ndipo mambo huwa matamu kwa wengine na machungu kwako. Ploti nyingi zina mita moja tu kwa nyumba zote. Bili ikija, inagawanywa sawasawa, au landlodi anaweka kiasi kimoja cha maji juu ya kodi ya kila mtu. Nimewahi kuishi kwenye ploti ya namna hiyo. Mama wa chini, anayefua nguo za watoto watatu, alilipa sawa na barobaro anayelala huku tangi la choo chake likimwaga maji usiku kucha. Kwa mpango kama huo hakuna anayeona hasara yake, kwa hiyo hakuna anayeshika spana. Ndiyo maana nasema madai ya kwanza ya mpangaji yeyote wa Kinoo yawe mita ndogo kwa kila nyumba. Rangi mpya ya ngazi inaweza kusubiri.

Najua utaniambia kwamba kampuni za maji zenyewe zinapoteza zaidi. Kweli kabisa. Bodi inayosimamia huduma za maji nchini, WASREB, imekuwa ikiripoti mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosukumwa kwa wateja nchini hayaleti hata senti. Mengine yanavuja njiani, mengine yanaibwa, mengine hayapimwi ipasavyo. Ni aibu, hasa ukikumbuka kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Wapigie kelele. Lakini bomba la kampuni lililopasuka kando ya Waiyaki Way huwezi kulifikia na spana yako. La chini ya sinki unalifikia ukiwa umechuchumaa.

Sasa, kwa nini unavuja? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mafundi wa mtaani wametuzoesha vibaya. Fundi anakuja, anafunga blada ya tairi mara kumi kuzunguka maungio, juu yake karatasi ya nailoni, anapokea pesa yake na kwenda. Baada ya wiki mbili beseni linarudi. Blada haitibu kitu. Inaficha tu mahali maji yanapotokea ili wewe na fundi mpate usingizi.

Mara nyingi mpira wenyewe hauna neno. Namaanisha ule mfupi uliovikwa nyuzi za chuma, ambao mafundi huuita fleksibo, unaotoka kwenye koki ya ukutani hadi kwenye mfereji. Kinachovuja ni maungio. Ndani ya nati ya mpira huo mna washa ndogo nyeusi, na hiyo washa ndiyo inayozuia maji. Kwa hiyo kuzungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi za nati ya fleksibo ni kazi bure, hata kama umemwona fundi akifanya hivyo tangu utotoni. Tepu ina mahali pake: pale koki inapoingia ukutani, chuma kwa chuma, ambapo nyuzi zenyewe ndizo zinazoziba. Na hapo unaizungusha kufuata upande wa kukazia. Ukiizungusha kinyume, itajifungua yenyewe unapokaza.

Washa huchakaa kwa sababu mbili kubwa. Moja ni nguvu za kijana. Tunadhani kukaza sana ndiko kuziba, kwa hiyo tunakaza hadi washa inapasuka au inabanwa upande mmoja. Kaza kwa mkono mpaka nati ikatae, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana. Basi. Nyingine ni maji yenyewe yanavyokuja. Tunajua sote hapa: mfereji unakaa mkavu siku mbili, kisha saa nane usiku maji yanarudi kwa kishindo, yakisukuma hewa mbele yake, mabomba yanagonga kama mtu anayebisha mlango. Kishindo hicho kinapiga kila maungio. Wanaoishi chini wanaumia zaidi, maana tangi liko juu ya paa, na kila mita 10 za kimo huongeza msukumo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu.

Ziko pia zile nyuzi za chuma. Ukiziona zina kutu au zimeanza kukatika moja moja, usihangaike na washa, badilisha mpira wote. Na tafadhali, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiiweke chini ya sinki bila kifuniko. Mvuke wake unakula chuma hicho polepole, na siku mpira utakapopasuka utakuwa kazini, Westlands huko, huku maji yakishuka kwa dari ya jirani. Kwenye bedsita ni hatari zaidi, maana extension ya friji na ya redio imelala sakafuni hatua mbili kutoka sinki. Maji na stima havijawahi kuwa marafiki.

Kuna watu ninaowahusudu kwa jambo hili. Ni wale watalii wanaovuka Afrika wakilala kwenye magari yao, nyumba kamili juu ya magurudumu, yenye sinki, tangi na mabomba. Utawaona wameegesha kambini Karen wakipumzika kabla ya kuendelea na safari. Barabara inatikisa kila nati waliyo nayo, na tangi lao ni dogo, kwa hiyo hawangoji beseni lijae. Wana masikio. Kwenye magari hayo pampu huwaka yenyewe msukumo ukishuka. Ikinguruma usiku na hakuna aliyefungua mfereji, mwenye gari anaamka na tochi, kwa sababu anajua kuna mahali panavuja. Nyumba nyingi za huku zina pampu ya namna hiyo hiyo. Yetu inanguruma usiku kucha, tunaongeza sauti ya muziki.

Ukitaka kujua mahali hasa panapovuja, usiamini macho, kwa sababu maji hutambaa. Futa kila kitu kikauke. Kisha chukua kipande cha tishu na kuguza maungio moja moja ukianzia juu. Tishu ikilowa kwanza hapo, ni hapo. Funga koki ya ukutani, fungua mfereji utoe maji yaliyobaki, weka lile beseni kwa kazi yake ya mwisho, halafu legeza nati. Koki ikiwa imeshika kutu na haizunguki, usiilazimishe. Mwambie kareteka afunge kutoka kwenye tangi, maana koki ikivunjikia ukutani utakuwa umenunua kesi nyingine kabisa. Washa mpya haifiki bei ya nauli ya kwenda tao. Tepu ni bei ya chapati mbili au tatu.

"Lakini nyumba si yangu." Nimesikia hoja hii mara nyingi, na haina uzito kama inavyojidai. Kwangu mimi mpaka uko kwenye koki. Kilicho ndani ya ukuta ni cha landlodi, na hapo usiguse hata kidogo, mdai kwa maandishi. Kuanzia koki hadi mfereji, wewe ndiwe unayekitumia kila siku na kukivuta ukisongeza ndoo. Ukingoja kareteka mwenye ghorofa tatu za kuangalia, utangoja hadi mwezi wa kodi upite, na bili ipite pamoja nao.

Halafu kuna jambo linalonikera kuliko matone. Kijana ana digrii, hana kazi, anakaa Kinoo kwa ndugu yake, na mpira ukivuja anampigia simu fundi. Fundi huyo anafika kwa pikipiki yake, anamaliza kwa dakika 15, anaondoka na pesa ambayo mwenye digrii angekula nayo siku mbili. Ghorofa zinaota hapa kila mwezi kama uyoga, na kila moja ina mamia ya maungio. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ina mitihani ya mafundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na hata aliyejifunzia kazi mtaani anaweza kuikalia. Mabinti pia, maana washa haiulizi jinsia. Anayefikiri spana itamshushia hadhi na atazame tena nani anamlipa nani.

Kwa leo, anza na lako. Piga picha kabla na baada ya kurekebisha, weka risiti ya dukani, umtumie landlodi zote mbili kwa simu kabla ya tarehe ya kodi na umwombe akukatie. Wengine hukubali bila neno. Akikataa, una picha, una risiti, na una majirani kumi wanaolipa mita moja nawe, ambao pengine hawajachungulia chini ya sinki zao.