Ukurasa wa Bwana Shamba: Mahindi Mnayo, Je, Vyeti Mnavyo?

Ndugu Mkulima,

Shule ya bweni iliyo karibu nanyi inahitaji mahindi na maharage. Ninyi mnalima mahindi na maharage. Lakini mara nyingi anayeyapeleka shuleni ni mfanyabiashara wa mjini. Ananunua kwenu kwa bei ndogo, halafu anaiuzia shule kwa bei kubwa. Mahindi ni yale yale. Yeye ana vyeti, ninyi hamna.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inawapa nafasi. Inazitaka ofisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Yaani, katika kila shilingi 100 za manunuzi, shilingi 30 zitengwe kwa vikundi hivyo. Lakini kikundi kisichoandikishwa hakiwezi kuipata nafasi hiyo.

Basi fanyeni hivi:

1. Andikisheni kikundi chenu katika Halmashauri. Mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mpelekeeni katiba ya kikundi, majina ya wanachama na muhtasari wa mkutano.

2. Chukueni namba ya mlipakodi, yaani TIN, kutoka TRA. Namba hii hutolewa bure. Msimlipe mtu.

3. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, si kwa jina la mwenyekiti.

4. Jiandikisheni katika mtandao wa manunuzi ya serikali uitwao NeST. Humo ndimo zabuni hutangazwa. Zabuni ni nafasi ya kuiuzia serikali kitu au kuifanyia kazi. Afisa Maendeleo ya Jamii atawaelekeza.

5. Kama mnasaga unga au mnakamua mafuta ya alizeti na kuyafunga ili kuyauza, ombeni alama ya ubora ya TBS. Anzeni kwa kwenda SIDO. Huko mtapata ushauri na barua ya kuwatambulisha.

Lakini kumbukeni, cheti hakiliwi. Wanafunzi watakula mahindi. Yaanikeni juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Yakauke vizuri, kwa maana mahindi yenye unyevu huota ukungu na kuingia sumukuvu. Sumu hiyo huua watu, na kuyapika hakuiondoi. Pepeteni, chagueni, kisha pimeni kwa mizani. Mkiahidi magunia hamsini, pelekeni hamsini, tena kwa siku mliyoahidi.

Jambo la mwisho ni zito. Mkishapata vyeti, atakuja mtu mwenye gari na maneno matamu. Atasema, "Niazimeni cheti chenu, nitawapa kitu kidogo." Mkataeni! Zabuni itakuwa kwa jina lenu. Akipeleka mahindi mabovu, mtakaoulizwa ni ninyi. Mnaweza kufungiwa msiombe zabuni tena. Na nafasi iliyowekwa kwa ajili yenu itakuwa imerudi kwa yule yule wa mjini.

Wekeni vyeti mahali pamoja, na wanachama wote wapajue. Neno la siri la NeST nalo lisiwe la mtu mmoja tu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni shule gani, zahanati gani au ofisi gani karibu nasi inanunua vitu tunavyozalisha?

2. Ni cheti kipi bado hatuna? Nani atakifuatilia, na lini?

Wenu,
Bwana Shamba