Msifiche Kikopo Stesheni!

Wadau, leo nina ugomvi kidogo, na ugomvi wenyewe ni na watu wangu: sisi wapenzi wa GPS tunaocheza jiokashi, yaani kusaka vikopo kwa msaada wa setilaiti. Nasema hivi na sirudi nyuma: kikopo hakina kazi ndani ya stesheni ya reli yenye watu. Si Nairobi, si Voi, si popote.

Kwa wageni wa mchezo huu, historia fupi. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa imetia hitilafu ya makusudi kwenye mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kifaa chako kikaweza kukupoteza kwa mita 100 hivi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 hitilafu hiyo ikazimwa. Kesho yake jamaa mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini na kutangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Mchezo ukazaliwa. Unatafuta kasha, unatia sahihi kwenye kijidaftari, unalirudisha palepale. Na kuna kanuni moja tamu: asiyecheza asikuone.

Hapo ndipo penye kasheshe. Kujificha msituni ni raha. Kujificha stesheni ni kutafuta balaa.

Chukua stesheni ya Nairobi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo 1899, mji ukamea kuizunguka. Hadi leo treni za abiria wa mjini humwaga watu pale asubuhi, kila mtu mbio kazini. Sasa toka stesheni utembee kidogo hadi Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Hapo ndipo ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, watu 213 wakafa. Halafu wewe unataka askari wa stesheni amwone mtu akipapasa chini ya benchi, akitazama kushoto na kulia, akisukuma kitu kwenye ufa, na askari huyo afikirie nini? Hazina?

Najua jibu lenu. "Lakini ni kikopo kidogo tu chenye sumaku, kinatosha kiganjani!" Jamani, ukubwa si hoja. Kinachotisha ni mwenendo wa mtafutaji. Mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akishughulika na kijisanduku cha plastiki karibu na mkahawa. Barabara ikafungwa, wataalamu wa mabomu wa jeshi wakaja, wakakilipua. Kilikuwa kikopo cha mchezo. Mji mdogo tu, tena wenye wachezaji kibao. Je, pale Nairobi saa moja asubuhi?

Na nani atalipa? Aliyeficha mara nyingi ni mgeni wa wiki mbili, keshapanda ndege zamani. Mtalii akikamatwa ataonyesha simu yake, atacheka, ataachiliwa. Kijana aliyeshuka kutoka Werugha kwa matatu, mkoba mgongoni, ataanzaje kueleza neno "jiokashi" mbele ya askari mwenye hasira? Mchezo ambao mmoja anaucheza kwa kicheko na mwingine kwa wasiwasi wa kulala ndani, huo si mchezo wa haki.

Tuje kwenye ufundi, maana hii ni blogu ya ufundi. GPS hupima muda ambao wimbi limetumia kufika kutoka setilaiti. Chini ya paa la mabati, kati ya mabehewa ya chuma, wimbi hudunda kabla ya kufika kwenye simu, na umbali unaohesabiwa unakuwa wa uongo. Huku kwetu juu ya kilima mahali peupe, simu inakosea mita chache tu. Stesheni inaweza kuruka huku na huku makumi ya mita. Maana yake mtafutaji hapapasi benchi moja, anapapasa jukwaa zima! Umeweka kikopo mahali ambapo kifaa chako hakioni vizuri ilhali kila mtu anakuona wewe.

Kuna wanaosema basi tuache stesheni kabisa. Hao nao siwaungi mkono. Stesheni zina hadithi ambazo vijana wetu hawazijui, na mchezo huu unaweza kuwafikisha. Dawa ni rahisi: stesheni iwe SWALI, kikopo kiwe kwingine.

Mfano. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyo karibu na stesheni, yana gari moshi nambari 5918, "Mount Gelai". Ni moja kati ya 34 za aina yake zilizotengenezwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1950, kila moja ikapewa jina la mlima. Zilivuta mizigo Mombasa hadi Nairobi, zikipita Voi. Humo pia mna behewa ambamo simba wa Kima alimuua afisa wa polisi Charles Ryall mwaka 1900. Mtume mchezaji akahesabu vidato vya kupandia kwenye injini, achukue tarakimu za nambari yake, na jibu limpe dakika za latitudo. Kumbuka elfu moja ya dakika ni mita 1.85 hivi, kwa hiyo tarakimu tatu zinatosha kumfikisha kwenye duka la mtu aliyekubali kuweka kasha kaunta. Hakuna kupapasa, hakuna kujificha. Analipa kiingilio, anasoma, anaondoka na elimu.

Voi nako hivyo hivyo. Vita vya Kwanza vilizaa tawi la reli kutoka Voi kuelekea Taveta kupitia Mwatate na Maktau, ili Waingereza wawafikie Wajerumani. Februari 1916 wakapigwa vibaya kilima cha Salaita. Sisi tunaoshuka Mwatate kila mara tunaivuka historia hiyo bila kuitazama. Tangu 2017 treni ya abiria hutumia stesheni mpya ya SGR. Reli ya zamani inastahili maswali mazuri, haistahili vikopo vya kuokota gizani.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye kikopo stesheni yoyote: nenda kakitoe wiki hii, mchana kweupe, baada ya kumsalimia askari na kumweleza. Ukiona aibu kumweleza, basi ushajua kwamba hakikupaswa kuwa pale.